Jeanne d'Arc, msichana wa kijiji aliyeokoa nchi yake

1. Nchi yenye taabu

Zamani nchi ya Ufaransa ilipigwa na vita virefu sana. Vita hivyo vilianza mwaka 1337, vikaisha mwaka 1453. Kwa sababu hiyo vimeitwa Vita vya Miaka Mia. Si kwamba watu walipigana kila siku. Mara walipigana, mara walifanya mapatano, kisha wakapigana tena. Lakini watu wengi walizaliwa wakati wa vita, wakaoa, wakazeeka na kufa, bila kuona amani ya kweli.

Chanzo cha vita kilikuwa kiti cha ufalme. Wafalme wa Uingereza walikuwa jamaa ya wafalme wa Ufaransa kwa upande wa mama, nao walidai kwamba ufalme wa Ufaransa ni haki yao. Mwaka 1415 mfalme wa Uingereza, Henry wa Tano, alilishinda jeshi kubwa la Wafaransa mahali panapoitwa Azincourt. Tena, Wafaransa wenyewe walikuwa wamegawanyika. Mtawala mkubwa wa Bourgogne aliuawa mwaka 1419 na watu wa Charles, mrithi wa ufalme. Mwanawe akakasirika sana, akaungana na Waingereza. Ndugu wakigombana, adui hupata mlango.

Mwaka 1420 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Sita, ambaye alikuwa mgonjwa wa akili, alikubali mapatano mabaya. Alimnyima ufalme mwanawe, akauahidi kwa Henry wa Tano, aliyemwoa binti yake. Mwaka 1422 wafalme wote wawili wakafa. Mwana wa Henry alikuwa bado hajatimiza mwaka mmoja. Hivyo mtoto mchanga akaitwa mfalme wa nchi mbili. Kijana Charles akabaki kusini ya mto Loire, na fedha kidogo, bila taji, na moyo wake umelegea.

Wakubwa waligombania taji, na wadogo wakaumia. Askari walipita vijijini, wakachukua ng'ombe na nafaka, wakachoma nyumba. Mkulima alilima huku akitazama njia.

2. Binti wa Jacques na Isabelle

Katika kijiji cha Domremy, kando ya mto Meuse, mashariki ya Ufaransa, waliishi Jacques d'Arc na mkewe Isabelle Romée. Walikuwa wakulima, si matajiri wala si maskini sana. Kwa kuwa Jacques alikuwa mtu wa haki, wanakijiji walimpa kazi ya kukusanya kodi na kusimamia ulinzi wa kijiji.

Karibu na mwaka 1412 walimzaa binti, wakamwita Jeanne. Alikuwa na kaka zake, na dada mmoja aliyeitwa Catherine. Jeanne hakusoma shuleni. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu wake alikuwa mama yake. Kwa mama alijifunza kusokota sufu na kushona nguo, hata akaweza kujisifu baadaye kwamba hakuna mwanamke mjini aliyemshinda kwa kazi hiyo. Kwa mama yake tena alijifunza Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Alimsaidia baba yake shambani, na zamu yake ilipofika alichunga wanyama wa kijiji.

Rafiki zake, Hauviette na Mengette, walimpenda, ingawa mara nyingine walimcheka kwa sababu alikwenda kanisani mno. Siku za Jumamosi alipenda kwenda katika kanisa dogo la Bikira Maria huko Bermont, akawasha mishumaa. Mpiga kengele wa parokia alikuwa mvivu. Siku alizosahau kupiga kengele ya jioni, Jeanne alimgombeza, kisha akamwahidi zawadi ili asisahau tena. Maskini akifika nyumbani kwao, Jeanne alimwachia kitanda chake, yeye akalala karibu na moto.

Lakini vita vilifika hata Domremy. Wanakijiji walikodi ngome ya zamani iliyokuwa katika kisiwa cha mto, wapate kuficha mifugo yao. Mwaka 1428 hatari ilizidi, wakakimbilia wote mji wa Neufchâteau pamoja na wanyama wao. Waliporudi walikuta kanisa lao limechomwa moto.

3. Sauti kutoka mbinguni

Jeanne alipokuwa na umri wa miaka kama 13, siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, alikuwa katika bustani ya baba yake. Akasikia sauti upande wa kanisa, akaona mwanga mkubwa. Mara ya kwanza aliogopa sana. Baadaye akatambua kwamba aliyesema naye ni Mtakatifu Mikaeli, malaika mkuu. Tena walimjia Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Margarita.

Kwanza sauti hazikumwambia neno la vita. Zilimwambia awe msichana mwema na kwenda kanisani. Polepole zikamweleza taabu za ufalme. Mwishoni zikamwamuru aende kwa Charles, auokoe mji wa Orléans, na kumpeleka Charles mjini Reims apakwe mafuta matakatifu ya ufalme. Jeanne alijibu kwamba yeye ni msichana maskini, hajui kupanda farasi wala kuongoza vita. Lakini sauti hazikunyamaza.

Jeanne alikaa na siri hiyo karibu miaka minne. Hata hivyo baba yake alikuwa na wasiwasi. Aliota kwamba binti yake ameondoka pamoja na askari. Akawaambia wanawe kwamba, jambo hilo likitokea kweli, wamtose Jeanne mtoni, na wasipotaka wao, yeye mwenyewe atamtosa. Hakuwa baba mkatili. Alijua tu maisha ya wanawake waliofuata askari, naye alilinda heshima ya mtoto wake.

Basi Jeanne alikuwa kati ya amri mbili: kuwatii wazazi, na kumtii Mungu. Aliwatii wazazi wake katika mambo yote, isipokuwa hilo moja. Aliondoka bila kuwaambia, na jambo hilo lilimuumiza moyo. Baadaye aliagiza waandikiwe barua ya kuomba msamaha, nao wakamsamehe.

4. Mlangoni kwa Baudricourt

Mwezi wa Mei 1428 Jeanne alimwendea Durand Laxart, mume wa ndugu yake, ambaye kwa heshima alimwita mjomba. Akamwomba ampeleke kwa Robert de Baudricourt, mkubwa wa askari wa Charles katika mji wa Vaucouleurs. Baudricourt alipomsikia alicheka. Akamwagiza Laxart ampige makofi msichana huyo na kumrudisha kwa baba yake.

Jeanne alirudi nyumbani, lakini hakukata tamaa. Mwanzoni mwa mwaka 1429 akaja tena Vaucouleurs. Alikaa katika nyumba ya watu wawili wema, Henri na Catherine Le Royer, akasokota sufu pamoja na mama wa nyumba, akangoja. Watu wa mji walianza kumwamini. Askari wawili, Jean de Metz na Bertrand de Poulengy, walimpa ahadi ya kumsindikiza. Wanakijiji na watu wa mji walichanga fedha, wakamnunulia nguo za kiume na farasi. Mwishowe Baudricourt naye alikubali, akampa upanga.

Hivyo mwezi wa Februari 1429 Jeanne aliondoka na wanaume sita. Safari ilichukua siku 11. Nchi waliyopita ilikuwa mikononi mwa adui, kwa hiyo mara nyingi walisafiri usiku. Aliwasihi wamwache asikilize Misa kila siku, lakini hofu ya kutambulikana iliwazuia, wakasikiliza mara mbili tu. Wanaume wale walishuhudia baadaye kwamba walimheshimu kama dada, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwonyesha ubaya.

5. Mbele ya mfalme

Charles alikuwa katika ngome ya Chinon. Washauri wake walibishana siku mbili kama inafaa kumpokea msichana huyo au kumfukuza. Alipoingizwa ukumbini usiku, kulikuwa na wakubwa wengi na mienge mingi. Charles alijificha kati yao. Jeanne hakuwa amemwona hata siku moja, lakini alimwendea moja kwa moja, akampigia magoti. Kisha wakaongea kando, wawili tu. Charles alipotoka katika maongezi hayo, uso wake ulikuwa na furaha.

Hata hivyo hakumwamini upesi, na katika hilo alifanya vema. Alimpeleka Poitiers, na huko mapadri na walimu wa teolojia walimwuliza maswali muda wa wiki tatu. Waliona kwamba ana imani ya kweli, unyenyekevu na usafi wa moyo, na hakuna ubaya ndani yake. Wakamshauri mfalme amtume Orléans.

Huko Tours akatengenezewa mavazi ya chuma yaliyomfaa mwili wake. Akashonewa bendera nyeupe, yenye picha ya Bwana wetu, malaika wawili, na majina ya Yesu na Maria. Aliipenda bendera hiyo kuliko upanga. Aliibeba mwenyewe vitani ili asimwue mtu, na mbele ya mahakimu wake alisema kwamba hakuua mtu hata mmoja.

Alipokabidhiwa askari aliona kwamba ni wakali, walevi na wenye matusi. Akawakataza kumtukana Mungu, kunyang'anya mali ya wakulima, na kutembea na wanawake wabaya. Akawaalika kuungama kwa mapadri. Askari wazee, wenye makovu ya vita vingi, walimtii msichana wa miaka 17.

6. Mji wa Orléans

Waingereza waliuzingira mji wa Orléans tangu tarehe 12 Oktoba 1428. Waliteka ngome iliyolinda kichwa cha daraja la mto Loire, iitwayo Tourelles, wakajenga maboma mengine kuzunguka mji. Chakula kilipungua. Kama Orléans ungeanguka, njia ya kusini ingekuwa wazi, na Charles angepotea.

Jioni ya tarehe 29 Aprili 1429 Jeanne aliingia mjini juu ya farasi mweupe, pamoja na Dunois, mkubwa wa ulinzi wa mji. Watu walitoka nyumbani kwa mienge, wanaume, wanawake na watoto, wakasongana ili waguse hata farasi wake. Katika msongamano huo mwenge mmoja uliwasha moto kwenye bendera ndogo. Jeanne aligeuza farasi wake upesi, akauzima mwenyewe. Watu wakastaajabu.

Tarehe 4 Mei Wafaransa waliteka boma la Saint-Loup. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jeanne kuona wafu wengi. Hakushangilia. Alilia, kwa sababu walikufa bila kuungama. Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana, naye hakutaka vita. Tarehe 6 waliteka boma jingine, na tarehe 7 asubuhi wakaishambulia Tourelles.

Jeanne alikuwa amesema mbele kwamba siku hiyo atajeruhiwa. Alipokuwa akisimamisha ngazi ukutani, mshale ulimpiga kati ya shingo na bega. Akaona damu yake, akaogopa, akalia kama msichana yeyote angalivyolia. Askari wengine walitaka kumtibu kwa maneno ya uganga. Akakataa, akasema ni afadhali kufa kuliko kutenda dhambi. Basi wakamtia mafuta ya zeituni na ya nguruwe, naye akaungama kwa padri wake, Jean Pasquerel.

Jua lilipoanza kushuka, Dunois alitaka kurudisha jeshi mjini. Askari walikuwa wamechoka. Jeanne akamwomba angoje kidogo. Akaenda peke yake katika shamba la mizabibu, akasali dakika chache. Aliporudi alishika bendera yake, akasimama kwenye ukingo wa handaki. Askari walipoiona bendera wakapata nguvu mpya, wakapanda ukuta, na Tourelles ikaanguka. Mkubwa wa Waingereza, Glasdale, alizama mtoni katika mavazi yake ya chuma. Mtu huyo alikuwa amemtukana Jeanne kwa matusi mazito. Hata hivyo Jeanne aliililia roho yake.

Kesho yake, Jumapili tarehe 8 Mei, Waingereza walijipanga nje ya maboma yao. Jeanne alikataza watu kuwashambulia kwa sababu ni siku ya Bwana. Misa ikasomwa uwanjani. Waingereza wakageuka, wakaenda zao. Mji uliozingirwa miezi saba uliokolewa kwa siku tisa. Hata leo watu wa Orléans hufanya sikukuu kila mwaka kwa ukumbusho wa siku hiyo.

7. Taji la Reims

Mwezi wa Juni Wafaransa walisafisha miji ya kando ya Loire. Huko Jargeau jiwe zito lilipasukia kofia ya chuma ya Jeanne, akaanguka kutoka ngazini, akasimama tena. Tarehe 18 Juni, mahali paitwapo Patay, jeshi la Waingereza lilivunjwa kabisa. Hapo Jeanne aliona askari mmoja akimpiga mateka Mwingereza kichwani, hata akawa karibu kufa. Akashuka juu ya farasi, akamwita padri, akakishika kichwa cha adui huyo mpaka alipomaliza kuungama.

Washauri wa mfalme waliogopa safari ya Reims, kwa maana njia yote ilikuwa na adui. Jeanne alishikilia neno lake. Wakaenda, na miji ikafungua milango mmoja mmoja. Tarehe 17 Julai 1429, katika kanisa kuu la Reims, Askofu Mkuu alimpaka Charles mafuta matakatifu na kumvika taji. Jeanne alisimama karibu na altare, bendera yake mkononi. Kisha akapiga magoti mbele ya mfalme, akalia kwa furaha.

Baba yake alikuwa amekuja Reims kumwona. Yule mtoto aliyetaka kutoswa mtoni sasa alisimama karibu na mfalme. Jeanne hakujiombea mali. Aliwaombea watu wa kijiji chake wasitozwe kodi, na mfalme akakubali. Kwa miaka zaidi ya 300 Domremy haikulipa kodi kwa ajili ya binti wa Jacques.

8. Daraja la Compiègne

Baada ya kuvikwa taji, mfalme alilegea. Washauri wake walipenda mapatano kuliko vita. Tarehe 8 Septemba Jeanne aliushambulia mji wa Paris, akachomwa mshale pajani. Alitaka kuendelea, lakini mfalme aliamuru jeshi lirudi nyuma, kisha akalivunja.

Mwaka 1430 Jeanne alisikia kwamba mji wa Compiègne umezingirwa na watu wa Bourgogne. Akaenda kuusaidia na askari wachache. Jioni ya tarehe 23 Mei alitoka nje ya mji kushambulia. Adui wakaja wengi. Jeanne alikaa nyuma ya wote ili askari wake wapate kurudi ndani salama. Alipofika, daraja lilikuwa limekwisha kuinuliwa na mlango umefungwa. Adui wakamvuta, wakamwangusha chini.

Bwana aliyemshika aliwauzia Waingereza kwa franka za dhahabu 10,000. Na mfalme Charles, aliyepata taji lake kwa mkono wa msichana huyo, hakumkomboa. Jambo hilo ni la kusikitisha, lakini ni kweli, na historia haikulificha.

9. Mahakimu wasio na haki

Waingereza hawakutaka kumwua tu. Walitaka kuonyesha kwamba kazi yake ilitoka kwa shetani, ili taji la Charles lionekane kuwa limetoka kwa shetani pia. Kwa hiyo walitafuta hukumu ya kidini. Wakampata Pierre Cauchon, Askofu wa Beauvais, aliyekuwa rafiki yao na kula mshahara wao.

Watoto wasishangae kusikia kwamba askofu alifanya ubaya. Yuda alikuwa mtume. Cheo kitakatifu hakimfanyi mtu kuwa mtakatifu, kama mwenyewe hataki.

Kesi ilianza mjini Rouen mwezi wa Januari 1431. Kwa sheria za Eklezya, Jeanne alipaswa kukaa katika kifungo cha Eklezya na kulindwa na wanawake. Badala yake alifungwa minyororo katika ngome ya Waingereza, na askari wabaya walimlinda usiku na mchana. Hakupewa mtu wa kumtetea. Alipoomba apelekwe kwa Papa, hawakumsikiliza.

Mapadri na walimu makumi kwa makumi walikaa mbele yake. Yeye alikuwa na miaka 19, hajui kusoma, amechoka kwa minyororo. Waliuliza maneno ya mitego. Siku moja walimwuliza kama yumo katika neema ya Mungu. Akisema ndiyo, watasema ana kiburi. Akisema hapana, amejihukumu mwenyewe. Jeanne alijibu kwamba kama hayumo, anamwomba Mungu amtie, na kama yumo, anamwomba Mungu amlinde ndani yake. Waliouliza walinyamaza kwa mshangao.

Tarehe 24 Mei walimpeleka katika makaburi ya Saint-Ouen, mbele ya watu wengi, wakamtisha kwa moto. Hofu ikamshinda. Akatia alama yake kwenye karatasi ya kukana sauti zake. Alidhani sasa atapelekwa katika kifungo cha Eklezya, lakini Cauchon akamrudisha kwa Waingereza. Baada ya siku chache alivaa tena nguo za kiume, apate kujilinda na ubaya wa walinzi. Mahakimu walipofika, aliwaeleza kwamba alikana kwa kuogopa moto, na kwamba kwa kuokoa maisha yake alikuwa anaipoteza roho yake. Alijua vema maneno hayo yatamletea nini. Hapo ushujaa wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Orléans. Kule alikuwa na jeshi nyuma yake, na hapa alikuwa peke yake.

10. Moto wa Rouen

Tarehe 30 Mei 1431 asubuhi waliingia kumwambia kwamba atachomwa siku hiyo. Alilia sana. Kisha akaungama, akapokea Komunyo takatifu kwa machozi mengi.

Wakampeleka katika uwanja wa Soko la Zamani. Akasali kwa sauti, akawasamehe wote, akawaomba mapadri waliokuwapo wamsomee kila mmoja Misa moja. Aliomba msalaba. Askari Mwingereza alivunja fimbo, akafunga vipande viwili, akampa. Jeanne akaubusu, akauweka kifuani. Padri Isambart de la Pierre alikimbia kanisani, akaleta msalaba mrefu, akauinua mbele ya macho yake. Moto ulipowaka, Jeanne alimwomba padri ashuke asiungue, lakini aendelee kuuinua msalaba. Katika miali ya moto aliliita jina la Yesu mara nyingi, mpaka mwisho.

Wengi walilia, hata baadhi ya adui. Katibu mmoja wa mfalme wa Uingereza aliondoka akisema kwamba wamepotea, maana wamemchoma mtakatifu. Mabaki yake yalitupwa katika mto Seine, ili watu wasiyaheshimu.

11. Mama Isabelle

Cauchon alidhani neno limekwisha. Hakumfikiri mama mmoja wa shambani.

Isabelle Romée alikuwa mjane, na watu wa Orléans walimpa nyumba na posho, kwa kuwa hawakumsahau binti yake. Miaka ikapita. Wafaransa waliurudisha mji wa Rouen mwaka 1449, na vita vikaisha mwaka 1453. Isabelle hakutaka mwanawe abaki na jina la mzushi. Papa Callixtus wa Tatu akaruhusu kesi ifunguliwe upya. Tarehe 7 Novemba 1455, mama huyo mzee, amevaa nguo za kilio, aliingia katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris. Akapiga magoti mbele ya wajumbe wa Papa, akaomba haki kwa ajili ya binti yake, akilia. Watu wengi waliomfuata walilia pamoja naye.

Mashahidi zaidi ya 100 wakaulizwa. Dunois alisema aliyoyaona. Lakini wadogo pia waliitwa. Mpiga kengele wa Domremy alieleza habari za zawadi alizoahidiwa. Hauviette, sasa mke wa mtu, alieleza jinsi alivyolia aliposikia kwamba rafiki yake ameondoka. Mengette alieleza jinsi walivyosokota sufu pamoja. Catherine Le Royer alieleza jinsi Jeanne alivyokaa nyumbani kwake. Wanawake hao hawakubeba upanga wala bendera. Walibeba ukweli muda wa miaka 25, na walipoulizwa wakausema.

Tarehe 7 Julai 1456, mjini Rouen, ilitangazwa kwamba hukumu ya kwanza ilijaa udanganyifu, nayo haina nguvu. Isabelle alikufa mwaka 1458, jina la mtoto wake likiwa safi.

Eklezya ilingoja tena karne nyingi. Mwaka 1909 Papa Pius wa Kumi alimtangaza Jeanne kuwa mwenye heri, na tarehe 16 Mei 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano alimtangaza kuwa mtakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 30 Mei.

12. Tujifunze

Jeanne hakuzaliwa shujaa. Alikuwa msichana wa kusokota sufu na kuchunga wanyama. Aliogopa sauti, aliogopa mshale, aliogopa moto, na mara moja hofu ilimshinda. Lakini alisimama tena. Mtu shujaa naye huogopa, lakini hofu haimwondoi katika njia ya haki.

Aliwaongoza askari bila kuwachukia adui. Aliwalilia wafu wao, akakishika kichwa cha mateka wao. Vita hufanya mioyo ya watu kuwa migumu kama jiwe. Moyo wake ulibaki moyo wa mtu.

Tena tumkumbuke mama yake. Yeye alimfundisha Baba Yetu karibu na moto wa jikoni, na yeye alikwenda Paris kumtetea. Kama Isabelle asingalifanya kazi ya kwanza, Jeanne asingalipata nguvu. Kama asingalifanya ya pili, jina la Jeanne lingalikaa miaka mingi zaidi katika aibu.

Maulizo

1. Kwa nini vita hivyo vinaitwa Vita vya Miaka Mia?
2. Jeanne alijifunza nini kwa mama yake?
3. Baba yake aliota nini? Kwa nini aliogopa?
4. Baudricourt alimpokea Jeanne namna gani mara ya kwanza?
5. Jeanne alikataa dawa gani alipojeruhiwa, na kwa sababu gani?
6. Huko Patay alimtendea nini mateka Mwingereza?
7. Taja makosa matatu ya mahakimu wa Rouen.
8. Kwa nini ushujaa wake kifungoni ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Orléans?
9. Nani walitoa ushahidi katika kesi ya pili? Wangapi kati yao walikuwa wanawake waliotajwa kwa jina?
10. Andika sentensi tano juu ya mama Isabelle.